Furu

Mfumo huu nimeuita Furu,
wala si kwa kukosa jina la fahari.
Bibi yangu wa Nansio aliwahesabu furu kwa rangi:
mwekundu wa mgongo, mweusi wa mapezi,
yule wa manjano, yule wa kijani cha matope.
Kisha sangara akaletwa ziwani, akala, akala,
na hesabu ya bibi ikabakia mdomoni.

Chumbani kwangu Igogo zimo kompyuta kumi na saba,
msaada wa watu nisiowajua.
Moja ina jina la benki lililokwanguliwa kwa kisu,
moja kibodi yake imeng'oka herufi M.
Kumbukumbu, megabaiti mia tano kumi na mbili,
umri wao na wanafunzi wa sekondari ni sawa.
Jumatatu zinavuka kwenda shule ya Kome.
Sidii ya mfumo inabeba megabaiti mia saba,
ikizidi moja, haichomi.

"Weka kivinjari kikubwa," anasema Lushinge,
"watoto waione dunia."
Lushinge, kule mtandao unapatikana juu ya jiwe,
jiwe moja tu, nyuma ya choo cha walimu,
na siku ya mawingu hata jiwe linakataa.
Hicho kikubwa kitameza kumbukumbu yote
kisha kiulize mmepika nini kingine.
Nimeweka kidogo, kisichojua video,
kinachofungua ukurasa kama mtu afunguaye barua.

Tena programu haiji peke yake.
Unaalika moja, inakuja na shemeji,
shemeji na mkoba,
na mkobani mna maktaba tatu
ambazo sijui nani alizisoma.
Kicheza muziki nilikiuliza:
wewe na kichapishi mnahusiana wapi?
Kimya.
Nikakifuta na ukoo wake.

Mwalimu Milembe alipiga simu mara moja.
"Nataka jedwali la alama. Mengine utaona mwe—"
salio likamwishia.
Jedwali limo. Kihariri cha maandishi kimo.
Kikokotoo kimo, nacho ni kizito kuliko nilivyodhani.
Madirisha yanayong'aa na kupeperuka, hapana,
ingawa Lushinge amenuna tangu jana.

Mjomba Bugumba alipakia boti pale Kirumba.
Hakujua kusoma ila mstari mmoja,
ule wa rangi ubavuni mwa boti.
Maji yakiugusa, mtu anashuka,
awe na tiketi, awe mkwewe.
Walimwita mchoyo.
Siku moja hakuwa zamu.
Siku hiyo siisimulii.

Saa nane usiku, megabaiti sita zimesalia
na vitatu vimesimama mlangoni:
picha ya mapambo niliyopiga mwenyewe,
mawe ya Mwanza yamebebana, jua limeyalalia;
mchezo wa bao;
kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili.
Picha nne, bao tatu, kamusi tatu.
Nimekaa na hesabu hiyo muda wa kuchemsha chai
na kuisahau mpaka ikapoa.
Ile picha naipenda, sitasema uongo.
Lakini watoto wa Kome mawe wanayo.
Nikaishusha.

Zikabaki kilobaiti arobaini,
upenyo wa kupitisha uzi.
Nikafungua faili tupu, niandike rangi za bibi,
na mashine iliyokuwa mbele yangu, ya majaribio,
ndiyo ile isiyo na M.
Nikaandika: *wekundu wa gongo*.
Kamusi ikapita juu yake bila neno,
maana yote mawili ni Kiswahili.
Nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Kisha nikahamia mashine nyingine, nikaandika upya,
rangi nne ninazozikumbuka,
na chini yake nikaacha mistari mitupu kadhaa.
Mistari mitupu haina uzito.